Kabla ya Bei, Uliza Soketi

Maneno haya yalisemwa Mbeya, mwezi Agosti, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao. Yameandikwa upya ili yasomeke.

Wazazi wangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi? Mwenyekiti, naomba itifaki ihesabike imezingatiwa, maana nikianza kutaja majina hapa jua litazama, na jioni ya Mbeya mwezi huu mnaijua inavyouma.

Nimeitwa nizungumzie laptopu ya kwenda nayo chuo. Mimi ni fundi, meza yangu iko Mwanjelwa. Kila mwaka matokeo yakishatoka Julai, msafara huanza kuja pale: kijana, mzazi, na simu yenye picha ya laptopu ambayo kijana ameshaipenda. Kijana anataka iwe nyepesi, ikae na chaji kutwa, na icheze gemu. Mzazi anataka kujua bei tu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawa wamekuja kushika tatu, kwa laki saba.

Sikuja kumkataza mtu gemu. Mimi mwenyewe nacheza, na kijana atakayeniambia anakwenda chuo kusoma tu, miaka mitatu hatagusa mpira wa kwenye kioo, nitamwomba mzazi wake amwangalie vizuri. Nilichokuja kusema ni kwamba mnaanza kuuliza kutoka mwisho. Mnaanza na rangi, mnaenda kwenye jina, mnaenda kwenye bei. Mimi nataka muanze na soketi. Asubuhi ukitoka chumbani, mpaka uikute soketi nyingine iliyo wazi, zinapita saa ngapi? Ukumbi wa mihadhara unajaza watu mia mbili, soketi ziko nne ukutani, mbili zimekufa, na moja ni ya projekta ya mwalimu. Maktaba ina soketi, lakini aliyewahi saa moja asubuhi ndiye mwenyewe. Hapo hatujataja siku umeme unapokatika. Mwanafunzi wa kawaida anahitaji saa tano au sita za kazi bila waya. Andika namba hiyo kwanza, mengine yote yaipigie goti.

Sasa tufanye hesabu, haina ugumu. Betri ya laptopu inapimwa kwa wati-saa. Igeuze laptopu, soma maandishi madogo ya chini au yaliyo kwenye betri yenyewe, utaona namba na herufi Wh. Laptopu nyembamba ya ofisi, ukiwa unaandika na kusoma, mwanga wa kioo umeupunguza kidogo, inakula kama wati 8 mpaka 10. Betri yake ikiwa na Wh 50 na ni nzima, gawanya mwenyewe: saa tano, sita. Umeshafika.

Njoo kwenye laptopu ya gemu. Ile kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, peke yake, tuseme RTX 4050, imetengenezwa kula kati ya wati 35 na 115, kutegemea aliyeiunda laptopu ameiachia kiasi gani. Ongeza prosesa, yaani ubongo wa mashine, ongeza kioo, ongeza feni mbili zinazolia. Hata ukipewa betri kubwa kuliko zote bado huendi mbali, na iko sababu ambayo wengi hawaijui: betri za laptopu zinaishia kama Wh 99. Abiria wa ndege haruhusiwi kupanda na betri inayozidi Wh 100 mpaka shirika la ndege limpe kibali, na hakuna kampuni inayotaka kuuza laptopu isiyopanda ndege. Kwa hiyo chukua hiyo 99, igawanye kwa wati 100 za gemu zito. Haifiki saa moja. Na ukichomoa waya laptopu nyingi za namna hiyo hujipunguzia nguvu zenyewe, kwa hiyo hata hiyo saa moja mchezo utakuwa unakwamakwama. Muuzaji anayekwambia mashine yake inacheza gemu kubwa na inakaa na chaji kutwa, mwombe akuonyeshe vyote viwili kwa wakati mmoja.

Halafu uzito. Laptopu ya gemu ya kawaida ina kilo mbili na nusu hivi, na chaja yake ni tofali. Nyingine hukaribia kilo moja peke yake. Kuiacha hosteli huwezi, maana tumeshaona bila chaja haikufikishi saa sita mchana. Kwa hiyo kila siku mgongoni una kilo tatu na zaidi, kabla ya daftari, koti na chupa ya maji. Laptopu ya ofisi ya inchi 14 ina kama kilo moja na nusu, na chaja yake ndogo inaingia mfukoni mwa koti. Kwenye meza ya duka tofauti hiyo huioni. Utaiona wiki ya tatu, umesimama ndani ya daladala, begi liko kifuani.

Kozi ndiyo inayoamua mengine. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Mkwawa, Iringa, kusomea ualimu, anayekwenda kusoma sheria, uhasibu, lugha, hata uuguzi na udaktari, kazi yake ni kuandika, kusoma PDF, kutengeneza slaidi na kufungua kurasa ishirini za intaneti kwa wakati mmoja. Huyo hahitaji kadi ya grafiki. Anahitaji kibodi nzuri, betri nzima na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, ikiwezekana 16. Nukta.

Anayekwenda MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hapo Iyunga kusoma uhandisi au usanifu majengo, tuongee taratibu. SolidWorks, programu ya kusanifu vipande vya mashine, inakaa kwenye Windows tu. ArcGIS Pro, kwa watu wa ramani na ardhi, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo usiuze ng'ombe ununue MacBook, laptopu ya Apple isiyotumia Windows, halafu uanze kutafuta njia za panya za kuipandisha Windows. AutoCAD, programu ya kuchora ramani za ujenzi, ya michoro bapa, ile ya mwaka wa kwanza, laptopu ya kawaida yenye RAM 16 inaimudu. Kadi ya grafiki inaanza kuwa na maana ukifika kwenye majengo ya pande tatu yanayotakiwa yatoke kama picha yenye mwanga na vivuli. Mwanafunzi wa usanifu akija kwangu na hoja ya laptopu nzito namwelewa, na gemu anapata bure juu yake. Wa sheria akija na hoja hiyo hiyo, nacheka tu, mzazi wake asione.

Sasa bei, maana naona wazee wameanza kukaa mkao wa kula. Wengi wetu hatununui mpya. Tunanunua zilizotumika ofisini Ulaya, Marekani, Dubai, zikaja kwa makontena. Msizionee aibu. Laptopu ya ofisi iliyotumika miaka mitatu imetengenezwa imara kuliko mpya ya bei hiyo hiyo yenye plastiki laini na bawaba zinazopasuka mwaka wa kwanza. Majina mtakayoyakuta ni Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Lakini humo ndimo mnapopigwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ya kwanza ni stika ya prosesa. Mtu anaona i7, anasema hii ndiyo kubwa. Usisome i7, soma namba inayofuata kistari. i5-8250U ni kizazi cha 8, yaani toleo la nane la prosesa hizo za Intel. i7-7500U ni kizazi cha 7. Hiyo i7 ina koa (core) mbili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, hiyo i5 ina koa nne. I5 inaishinda i7, na mara nyingi muuzaji atakutoza zaidi kwa ile dhaifu kwa sababu ya stika. Ile herufi U ya mwisho ni nzuri kwenu, ni prosesa yenye matumizi madogo ya umeme. H ni ya nguvu nyingi na kiu nyingi.

Na kizazi cha 8 si namba niliyoichagua kwa kupenda. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazikubali rasmi laptopu za kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo maana madukani mwaka huu kuna laptopu za kizazi cha 4, 5 na 6 zinazouzwa kwa bei ya kutupwa. Wenye nazo Ulaya wanaziondoa. Kuna mtu atakuwekea Windows 11 humo kwa ujanja, ndiyo, na itawaka. Mimi simpi mtoto wa mtu laptopu ya kusomea miaka mitatu inayoanza safari kwa ujanja.

Ya pili ni betri, na hapa naomba mtoe simu mwandike. Ukiwa dukani, laptopu imewaka, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika powercfg, acha nafasi, kisha /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuandikia mahali ilipoweka faili, lifungue. Shuka chini kidogo utakuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani betri ilizaliwa na kiasi gani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani leo inajaza kiasi gani. Ya kwanza ikisema 50,000 mWh, yaani Wh 50, na ya pili 24,000, unanunua nusu betri. Hiyo si sababu ya kuondoka, ni sababu ya kushusha bei, maana betri inabadilishwa.

Ila usiishie hapo. Kuna betri za bandia zinazojiandikia namba nzuri kwenye ripoti. Dawa yake ni saa ya mkononi. Chomoa chaja ikiwa imejaa, weka video icheze nusu saa, wewe kaa hapo hapo kwenye kistuli. Muuzaji ataanza kukuuliza kama una haraka, kama umekula, kama unajua wengine wanaitaka. Kaa. Ikishuka kutoka 100 hadi 88 ndani ya nusu saa, una saa nne na kidogo. Ikishuka hadi 70, au ikafika 60 halafu ikazima ghafla, umeshajibiwa. Muuzaji mzuri atakuletea kiti chenye mgongo.

Ya tatu ni kufuli. Laptopu za makampuni hufungwa kwa nenosiri la ndani kabisa, kabla hata Windows haijawaka, na nyingine zimesajiliwa ili mwenyewe azifunge kutoka mbali. Iwashe ukibonyeza F2 kwa Dell, au F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad, uone kama inakuingiza kwenye mipangilio au inadai nenosiri. Ikidai, irudishe mezani kwa upole. MacBook ni hatari zaidi: dai ifutwe mbele yako na ianzishwe upya ikiwa na intaneti. Ikikwambia ni mali ya kampuni fulani, au ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, usikubali maneno ya "nitakufungulia kesho".

Kibodi nayo mnaisahau. Mashine zilizotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, za Ufaransa A iko mahali pa Q. Stika za kubandika zipo, lakini kwa mtu atakayeandika ripoti ya kurasa sitini, mimi ningeendelea kutafuta. Chaja ya Marekani isikutishe: ikiandikwa INPUT 100–240V, badilisha waya wa kuchomekea tu, usinunue transfoma.

Mkinibana nitaje, nitataja. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 bado naipenda kwa mwanafunzi wa huku kwetu. Ina betri mbili, moja ndani, nyingine inachomoka kwa nyuma, na hiyo ya nyuma ipo hadi ya Wh 72. Unaweza kubadilisha bila kuzima. Inachajiwa kwa USB-C, RAM inaongezwa, na ipo kwenye kizazi cha 8. Ni nene kidogo, na kioo cha zile za bei ya chini kimefifia, hilo nakiri kwa niaba yake. Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 ni za rika hilo hilo, nyepesi zaidi. Kwa mwenye uwezo wa kupanda kidogo na asiyehitaji programu za Windows, MacBook Air yenye prosesa ya M1 iliyotoka mwishoni mwa 2020 ina kilo 1.29, haina feni hata moja, na Apple wenyewe waliiandikia saa 15 za kuperuzi intaneti. Ukipata nusu tu ya hizo kwa betri iliyotumika, umemaliza kutwa. Lakini RAM yake imegandishwa, uliyoinunua ndiyo utakayozikwa nayo, na gemu zake ni za kuhesabu.

Na gemu, wadogo zangu, sijazisahau. Tatizo ni kwamba mkisema gemu mnafikiria ile iliyotoka mwaka huu. Hata EA Sports FC 24, ya mpira, ya mwaka 2023, peke yake ilidai nafasi ya GB 100 kwenye diski, na kadi ya GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini. Laptopu ya ofisi haigusi hapo. Lakini PES 2013 inacheza. GTA San Andreas inacheza hata ukiwa umelala. Ukipata kizazi cha 11 chenye grafiki ya Iris Xe, iliyo ndani ya prosesa yenyewe, hata GTA V inakwenda kwa kupunguza mapambo. Ila siri yake ni hii: Iris Xe inaazima RAM ya laptopu, na inafanya kazi vizuri RAM zikiwa mbili. Kijiti kimoja cha GB 8 kinaibana. Weka viwili vya 8 uone tofauti. Kisha nunua pedi ya kuchezea gemu ya bei nafuu, ya waya. Na mkitaka ile ya mwaka huu kabisa, mabanda ya pleistesheni yapo kila mji wa chuo, unalipia mechi, unafungwa, unarudi kusoma.

Aliyeamua kununua ya gemu, na sababu anazo, basi ainunue kwa akili. Achague yenye RTX 3050 au 4050, asikimbilie makubwa. Aangalie kama inachajiwa pia kwa USB-C, ili darasani abebe chaja ndogo na tofali libaki chumbani. Kioo akishushe kutoka Hz 144 hadi 60, yaani mara ambazo picha hujichora upya kwa sekunde, anapokuwa kwenye betri, na aizime kadi kubwa ya grafiki kwenye mipangilio. Mashine nyingi zinakubali. Akichomeka kutwa chumbani, aweke kikomo cha kuchaji asilimia 80, betri itadumu. Na vumbi la huku Juni mpaka Oktoba ni adui wa feni. Hewa yetu ya juu ya mita 1,700 ni nyepesi, haibebi joto vizuri kama ya pwani. Tunaokolewa na baridi tu. Usiiwashe juu ya blanketi.

Nimeona mikono. Nijibu haraka.

Mama pale nyuma anauliza anunue sasa au asubiri. Subiri, mama. Mtoto akishathibitisha chuo na kozi, ndipo ununue. Nimeona waliobadilishiwa kozi Septemba na laptopu ya kozi ya zamani iko mkononi. Ila usisubiri fedha za mkopo. Bumu likiingia lina foleni ya mahitaji yake, na kazi za kwanza za darasani hazilingoji.

Kijana anauliza kama anaweza kununua nyepesi sasa halafu akaongeza kadi ya grafiki baadaye. Hapana. RAM ndiyo, diski ya SSD ndiyo, kadi ya grafiki kwenye laptopu karibu zote imegandishwa kwenye bodi. Kuna boksi la nje la kuunganisha, lakini kwa bei yake utanunua laptopu nyingine.

Kijana mwingine, power bank. Ya simu haitoshi, laptopu inataka inayotoa wati 45 au 65 kwa USB-C. Ya mAh 20,000 ina kama Wh 74. Ukitoa inayopotea njiani, inakujazia laptopu nyembamba mara moja. Kwa wanaokwenda mafunzo kwa vitendo vijijini naipendekeza.

Baba anauliza Kariakoo au hapa hapa. Kariakoo wana wingi na bei inashuka, sikatai. Lakini kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na waranti ya mwezi mmoja haina maana kama kuitumia ni nauli ya basi kwenda na kurudi. Kama una ndugu kule anayejua kukaa kwenye kistuli nusu saa, mtume. Kama huna, nunua hapa, dai risiti yenye namba ya mashine, na mkubaliane kwa maandishi ni siku ngapi unaweza kuirudisha. Na siku ya safari laptopu inapanda nawe juu, kwenye mapaja, haiwekwi kwenye buti chini ya magunia ya viazi.

Waliokwisha kununua wakaanza kuniangalia kwa wasiwasi, tutaonana Mwanjelwa. Njooni nayo ikiwa imejaa chaji, na chaja yake mje nayo.